Mtoto Anapoomba Chakula Usiku: Mazungumzo kwa Wazazi wa Kalemng'orok

Maandishi ya mazungumzo kuhusu ulishaji wa watoto wa chini ya miaka 5, yanayochapishwa kwa ajili ya wakaazi wa Kalemng'orok, Katilu, Kainuk, Lokichar na sehemu nyingine za kaunti.



Kuna saa moja ambayo kila mwenye mtoto mdogo anaijua. Mbuzi wameshaingia zizini. Sufuria zimesuguliwa kwa mchanga. Ngozi au mkeka umetandikwa nje kwa sababu ndani ya akai joto bado halijatoka, na malori yanasikika yakipita barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Lodwar. Mama ndiyo kwanza ananyoosha mgongo. Hapo ndipo mtoto wa miaka 3 anapoinua kichwa na kusema ana njaa.

Majibu yanayotolewa saa hiyo yanajulikana. Yuko mzazi anayekaripia: "Si umekula sasa hivi?" Yuko anayetisha kwa fisi. Mwingine humtuma kaka mtu mbio kibandani alete biskuti ya shilingi 10 ili watu walale. Mwingine humiminia mtoto chai ya rangi iliyobaki, yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Na zipo nyumba ambamo hakuna cha kumpa, na mama humwambia mtoto asubiri, chakula kinaiva, akiomba moyoni usingizi uwahi kufika.

Ombi lenyewe ni dogo, lakini limebeba habari ya siku nzima ya mtoto huyo: alikula nini, saa ngapi, alikula na nani, alikunywa maji kiasi gani, na mama alikuwa wapi. Mzazi akiisikiliza habari hiyo kabla ya kujibu, mara nyingi hugundua kwamba jibu halipo usiku, liko mchana wa kesho.

Kwanza tumbo lenyewe. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, kwa hiyo, anajaa kwa kikombe kimoja cha mililita 240 hivi. Mtu mzima anaweza kula ugali wa jioni na ukamfikisha asubuhi. Mtoto hawezi, hata angepewa sahani ya mtu mzima, kwa kuwa hana pa kuiweka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 8, pamoja na kunyonya, alishwe mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 alishwe mara 3 hadi 4, tena aongezewe kitu kidogo mara 1 au 2 katikati ya milo pale anapohitaji.

Sasa hesabu hiyo iwekwe kando ya siku ya kawaida hapa. Nyumba nyingi huwasha moto wa kupika mara mbili, na wakati wa akamu, kiangazi kinapokaza, mara moja. Mtoto wa miaka 2 aliyepata uji asubuhi na ugali jioni amekula mara mbili. Akiomba usiku, anaomba mlo wa tatu, na mlo huo ni haki yake. Hadeki huyo, anadai.

Joto nalo lina kazi yake. Saa sita mchana, jua la Turkana likiwa wima, mtoto mara nyingi hachangamkii chakula. Hula vijiko viwili akasukuma bakuli na kurudi chini ya kivuli. Mama husema ameshiba. Jua likitua na upepo ukianza, hamu inarudi, lakini moto umeshazimwa. Mtoto wa namna hiyo anafaa kupewa mlo wake mkubwa asubuhi mapema na jioni, na cha mchana kiwe kidogo. Tena mwili uliokauka huweza kutuma ujumbe wa kiu ukapokewa kama njaa. Kikombe cha maji safi kikitangulia, na mtoto akakinywa chote na kulala, jibu limepatikana bila kuwasha moto.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni sahani ya pamoja. Kula pamoja ni desturi nzuri na hakuna anayeitaka iondoke. Lakini penye mtoto wa miaka 9, wa 6 na wa 2 kuzunguka sufuria moja ya githeri, mikono haiendi kwa mwendo mmoja. Yule wa 9 amekwisha kumeza mara kumi wakati yule wa 2 bado anatafuta kuitoa ganda punje ya hindi. Mama anaona sufuria tupu na kuhesabu kwamba wote wamekula. Usiku, mdogo analia njaa, na wakubwa wanalala fofofo. Watu husema huyu mdogo ana tabia mbaya. Dawa ni bakuli lake peke yake, hata kama ni la plastiki lililopasuka ukingo, na mtu mkubwa wa kukaa naye mpaka amalize. Bakuli hilo humwonyesha mama kwa macho yake kile kilichoingia tumboni.

Yupo pia mtoto anayetoka ugonjwani. Aliyeharisha au aliyekuwa na homa hupoteza uzito kwa siku chache na huhitaji muda mrefu zaidi kuurudisha. Ushauri wa vituo vya afya ni kumwongezea mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona. Huyu akiomba usiku apewe bila mjadala. Mwili wake unajenga upya.

Baada ya hao wote anabaki yule ambaye hana njaa. Mama ameshinda sokoni au kwenye makaa tangu alfajiri, amerudi giza limeingia, na mtoto hajakaa naye siku nzima. Mtoto wa miaka 3 hajui kusema "kaa nami". Anajua neno moja ambalo mama halipuuzi, nalo ni njaa. Kumtambua si kazi ngumu. Apewe chakula cha kawaida cha nyumba ile: kipande cha ugali na kunde, au maziwa. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mwenye njaa atakila hicho hicho. Akikikataa na kulia anataka biskuti tu, basi tumbo limejaa, na kinachohitajika ni mama kumlaza kifuani dakika kumi na kumsimulia hadithi ya sungura. Hiyo nayo ni chakula, na haiuzwi kibandani.

Wachanga wa chini ya miezi 6 wana sheria yao. Hawa hawaombi kitu zaidi ya ziwa la mama, usiku na mchana. Si maji, si uji mwepesi, si maziwa ya mbuzi yaliyochanganywa na maji. Kunyonyesha usiku ndiko hasa kunakodumisha wingi wa maziwa, kwa kuwa kichocheo cha mwili kinachotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Anayemwambia mama kwamba mtoto wa miezi 4 analia usiku kwa kuwa maziwa hayamtoshi, na kwamba aanzishiwe uji, anaweza kuwa na nia njema, lakini anampotosha. Penye shaka, mtoto apimwe uzito.

Basi kwa watoto wakubwa kuliko hao, nini kifanyike? Jambo linalosaidia kuliko yote ni kuweka chakula cha mwisho kinachojulikana, kwa saa inayojulikana. Jamii ya wafugaji ilikuwa nacho tangu zamani bila kufundishwa na yeyote. Mifugo ikirudi jioni ilikamuliwa, na maziwa ya kutoka kwenye elepit yalikuwa ya watoto kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Mtoto alikunywa, akalala. Hakuwa na sababu ya kuomba tena, maana alijua mfano wa jioni: mbuzi, maziwa, usingizi. Familia zilizohamia karibu na barabara na kuacha mifugo kwa ndugu zilipoteza maziwa, na pamoja na maziwa zikapoteza ile saa.

Saa hiyo inaweza kurudishwa hata bila mbuzi. Chakula cha mtoto kitengwe mapema, kabla watu wazima hawajaanza kula, ili kisitegemee mabaki. Kiwe cha dakika chache kabla ya kulala, na mtoto ale akiwa amekaa, kwa kuwa anayekula amelala anaweza kupaliwa. Karanga nzima, bisi na mahindi ya kukaanga ni hatari kwa walio chini ya miaka 5 kwa sababu hiyo hiyo, karanga zitwangwe.

Uji ndio wengi wanaomudu, lakini uji una siri yake. Uji mwepesi kama maji humjaza mtoto kwa nusu saa, akakojoa, akaamka na njaa. Unaofaa ni ule mzito unaokaa kwenye kijiko bila kukimbia. Mtama au mahindi vinapatikana, na mashamba ya umwagiliaji ya Katilu, kando ya mto Turkwel, hutoa pia kunde na ndengu. Kiganja cha ndengu kilichochemshwa na kupondwa ndani ya uji huo, pamoja na kijiko cha mafuta ya kupikia au mafuta ya mbuzi, hubadilisha kikombe kizima. Mafuta hutia nguvu nyingi katika nafasi ndogo, na nafasi ndogo ndiyo hasa aliyo nayo mtoto. Penye maziwa, yachemshwe, ya mbuzi, ya ng'ombe na ya ngamia vilevile. Homa inayosababishwa na bruselosi hupitia maziwa mabichi, na wafugaji wengi wanaijua kwa maumivu yake ya viungo yanayorudi rudi hata kama hawaijui kwa jina.

Chakula cha mchana kisiwekwe mpaka usiku kikapewa mtoto hivi hivi. Katika joto hili, kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Kikipashwa, kichemke kabisa hadi kitoe mapovu katikati, kisiwe vuguvugu tu.

Kiangazi kinapofika wazee wanajua vingine. Edodo, yale maziwa yaliyokaushwa, yalikuwa akiba ya nyumba wakati maziwa mabichi yamekatika. Matunda ya eng'ol, yaani mkoma, watoto huyatafuna wenyewe kando ya laga. Mbegu za edung huliwa pia, lakini anayezipika ahakikishe amezichemsha mara kadhaa na kumwaga maji yake kila mara, jinsi bibi wanavyofanya, kwa kuwa bila hivyo ni chungu na zinadhuru. Vijana wa leo wanaona aibu kuvitaja vyakula hivi mbele ya wageni. Hakuna sababu ya aibu. Biskuti ya shilingi 10 ndiyo ingepaswa kuona aibu mbele ya edodo.

Na hiyo biskuti ihesabiwe. Shilingi 10 kila usiku ni shilingi 300 kwa mwezi, kwa mtoto mmoja. Mama anayekwenda sokoni anajua mwenyewe ni ndengu kiasi gani zinazotoka kwenye shilingi 300. Biskuti, peremende na soda humpa mtoto utamu wa dakika tano. Sukari hubaki kwenye meno usiku kucha wakati mate yamepungua na hayawezi kuisafisha. Chai nayo, mbali na sukari, ina kitu kinachozuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na mtoto anayekosa chuma hupungukiwa damu. Chai si kinywaji cha mtoto mdogo, hata ikiwa na maziwa. Baada ya chakula cha mwisho mtoto asafishwe meno, na hapa mti wa esekon uko kila mahali kwa kazi hiyo. Kuanzia hapo ni maji tu.

Watu wazima wa nyumba moja wanapaswa kukubaliana. Mama akisema chakula kimekwisha, halafu shangazi akachomoa mandazi gizani, mtoto amejifunza kwamba neno la mama lina mlango wa nyuma. Vilevile mzazi anayekataa mara tatu na kukubali mara ya nne kwa sababu ya kilio amefundisha bei: kulia mara nne. Kesho mtoto atalipa bei hiyo bila kusita. Ni afadhali kumpa mara ya kwanza, kama kweli anahitaji, au kutompa kabisa, kwa upole, kwa maneno yale yale kila usiku: "Umekunywa uji wako. Maji haya hapa. Tutakula tena asubuhi." Mara nyingi siku za kwanza ni ngumu kuliko zinazofuata. Fisi asitajwe. Mtoto anayelala kwa hofu huamka usiku, na akiamka ataomba tena.

Maneno hayo yote yanahusu nyumba yenye chakula. Kuna nyumba isiyo nacho, na haitakuwa haki kuzungumza Turkana kana kwamba nyumba hiyo haipo.

Huko pwani, misikitini, husimuliwa kisa cha Khalifa Umar bin Khattab aliyekuwa akizunguka usiku nje ya Madina na kumkuta mwanamke ameinjika chungu motoni huku watoto wake wakilia. Alipomuuliza kilichomo, mama akasema ni maji tu, anawatuliza nayo mpaka walale. Khalifa alikwenda kwenye ghala akabeba unga na mafuta mgongoni mwake mwenyewe, akakataa mtumishi ambebee, akarudi akapika, na hakuondoka mpaka watoto wakashiba.

Wengi walidhani hicho ni kisa cha kale. Kisha Aprili 2020, wakati wa vizuizi vya korona, ikatokea Mombasa. Mjane mmoja mwenye watoto 8, aliyekuwa akijipatia riziki kwa kufulia watu nguo, alikosa kazi kwa kuwa watu waliogopa kukaribiana. Aliweka mawe kwenye sufuria ya maji, akawasha moto, akawaambia watoto chakula kinapikwa. Habari hiyo ilienea nchi nzima na hata nje. Katika yote aliyowaeleza waandishi wa habari, moja lapaswa kukumbukwa hapa: watoto hawakudanganyika. Walimwambia wanajua anawadanganya, naye hakuwa na la kufanya.

Mtoto anajua. Anajua harufu ya chakula na anajua harufu ya maji yanayochemka. Hakuna anayemlaumu mama yule, na aliyewahi kulala na watoto wenye njaa hatamlaumu. Ila sufuria ya mawe haikumpa mtoto chakula wala usingizi, na ilimwongezea mama mzigo wa kuigiza. Jambo lililomsaidia lilikuwa jirani. Jirani alisikia kilio cha watoto, akaja, akaona, akapiga kelele kwa niaba yake. Yeye ndiye aliyemfungulia mjane akaunti ya kupokelea pesa, kwa kuwa mama hakujua kusoma wala kuandika, na Wakenya wasiomjua wakatuma kwa simu.

Kwa hiyo nyumba isiyo na kitu usiku huu, mtoto aambiwe ukweli kwa kipimo chake: leo usiku hakuna, maji haya, asubuhi mama atakwenda mahali fulani kutafuta. Mahali hapo pawe pa kweli. Akumbatiwe. Na mama, kabla jua halijawa kali, amwambie mtu. Jirani, mzee wa kijiji, chifu, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayezunguka boma kwa boma. Aibu ya kusema ni kubwa, hilo linaeleweka, hasa kwa watu ambao miaka michache tu iliyopita walikuwa na mifugo na wao ndio walioombwa. Lakini orodha za misaada huandikwa kwa wanaojulikana. Nyumba iliyonyamaza haionekani.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, na mzazi akisahau mengine, hili asilisahau. Mtoto anayeomba chakula usiku ana hamu ya kula, na hamu ni dalili njema. Wa kuogopewa ni yule aliyekuwa akiomba kila usiku kisha akaacha. Nyumba hupata utulivu, mama hushukuru kwamba mtoto amekua, ametulia, amezoea. Utapiamlo mkali ukiingia huchukua hamu ya kula pamoja na nyama ya mwili. Mtoto huwa mkimya, hachezi, hataki kushikwa, hageuki chakula kinapopita. Ukimya huo si adabu. Kwenye kituo cha afya, jambo mojawapo wanaloangalia kwa mtoto aliyekonda sana ni kama bado anaweza kula chakula dawa anachopewa pale pale; asipoweza, hatibiwi nyumbani, hulazwa.

Kuna njia ya kujua mapema. Ule utepe wa rangi tatu wa kupima mkono, kati ya bega na kiwiko, hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Ukisoma kijani, kuanzia sentimita 12.5 kwenda juu, mkono una nyama ya kutosha. Manjano, yaani chini ya 12.5 hadi 11.5, ina maana mtoto ana utapiamlo wa kadiri na aanze kufuatiliwa. Nyekundu, chini ya 11.5, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kupima ni kazi ya dakika moja na mama yeyote anaweza kufundishwa. Pia abonyeze kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili, ahesabu polepole hadi tatu, aachie. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto huyo ni mgonjwa sana hata kama uso wake unaonekana umenenepa. Asisubiri siku ya kliniki.

Kuhusu zile pakiti za chakula dawa chenye ladha ya karanga: kila moja ni gramu 92 na ina kalori 500 hivi. Imepimwa kwa mtoto mmoja mgonjwa, kwa idadi ya siku aliyopangiwa. Ni tamu, na ndiyo taabu yake. Usiku, watoto wengine wakiomba, ni rahisi kumkamulia kila mmoja kidogo ili wote walale. Huruma hiyo inaeleweka, lakini mgonjwa aliyegawiwa robo ya dozi hatapona, na wenzake hawatashiba. Inafaa ale mbali na wenzake, au mchana wakiwa chekechea, ambako hupata chakula chao. Ambaye nyumba yake ina watoto wengi wanaoomba aseme hivyo kliniki bila kuficha, kwa kuwa mhudumu akijua anaweza kuwapima na hao wengine.

Akina baba, ambao mazungumzo ya namna hii huwapita pembeni, nao wana sehemu yao, tena si ya fedha peke yake. Katika nyumba nyingi chakula kizuri cha jioni humngoja mzee arudi. Akichelewa, mtoto hulala hajaonja, au huamka harufu inapotoka na kuomba, na hufukuzwa. Mzee mmoja akitangaza nyumbani kwake kwamba bakuli la mtoto lijazwe kabla ya lake, na asingojewe, maneno hayo yatatiiwa jioni ile ile. Mama akiyasema peke yake, huonekana hana heshima. Vivyo hivyo kwa mbuzi: wakati kundi linapelekwa mbali kutafuta malisho, ni baba anayeamua kama mbuzi mmoja au wawili wenye maziwa watabaki nyumbani kwa ajili ya wadogo. Uamuzi huo hufanywa asubuhi moja tu, na watoto huunywa kila jioni mpaka mvua irudi.

Wiki za Malezi Bora hufanyika mwezi wa Mei na wa Novemba. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A kila baada ya miezi 6, na kuanzia mwaka mmoja hupewa dawa ya minyoo, maana minyoo nayo hula kile mama alichokitafuta kwa jasho. Mtoto apelekwe na kijitabu chake cha kliniki. Aliyekipoteza apelekwe hivyo hivyo, atafunguliwa kingine. Na mama akiulizwa mtoto anakulaje, aseme pia habari za usiku: huomba mara ngapi, huomba nini, hulala baada ya kunywa maji au huendelea kulia, na kama aliacha kuomba, aliacha lini.